Jiko banifu la kuni: namna ya kulikoka, kulilisha na kulitunza ili lisirudie moshi wa mafiga

Nikipita mitaa ya Tabora asubuhi, kuanzia Ipuli hadi Cheyo, jicho langu huenda kwenye mabomba ya moshi. Bomba likitoa moshi mzito mweupe saa moja asubuhi, najua humo jikoni kuna mtu ameinama anapuliza huku machozi yanamtoka, na sehemu ya kuni alizohangaika kuzipata inapaa angani bila kuwaka. Moshi ni kuni. Ukishalielewa hilo, mengine yote ninayoandika hapa yatakuwa mepesi.

Ukuni ukipata joto la nyuzi 200 hivi kwenda juu, huanza kutoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na hewa mahali penye joto la nyuzi 600 au zaidi, inawaka, na huo ndio mwali unaouona. Ikipoa kabla ya kuwaka, inatoka kama moshi, inaganda kwenye bomba kama masizi, na inaingia kifuani mwa mpishi. Kazi ya jiko banifu ni kuwa na chumba kidogo chenye joto kali ili gesi iwake kabla haijatoroka. Kwenye nchi za baridi kuna majiko ya kupasha nyumba joto yenye sega la kauri lililopakwa madini ya platini au paladi. Moshi ukipita kwenye sega hilo huwaka kwenye nyuzi 260 hivi. Ni chombo cha ajabu, lakini nacho huharibiwa na kuni mbichi na takataka za plastiki, kama linavyoharibika la kwetu la udongo.

Najenga na kukarabati majiko haya, na ninapoitwa kwenye jiko “lililokufa”, mara nyingi nakuta udongo mzima kabisa. Kilichokufa ni matumizi: mdomo umepanuliwa, kichanja (kibao cha kuwekea kuni mdomoni) kimevunjika, bomba limeziba, kuni zina maji. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye ujenzi na kukaa zaidi kwenye mambo hayo manne.

Kabla hujamlipa fundi

Ninazungumzia jiko la udongo na matofali lenye matundu mawili ya sufuria na bomba la moshi. Chukua rula upime mwenyewe. Kwa familia ya watu watano hadi wanane, mdomo wa kuni uwe sentimita 12 kwa 12, ukizidi sana 13. Kutoka sakafu ya chumba cha moto hadi kitako cha sufuria ya kwanza, sentimita 25 hadi 30. Chini ya sufuria ya pili pabaki nafasi ya sentimita 2 hadi 3 tu, ili moto ulambe kitako badala ya kupita mbali nacho. Bomba la inchi 5 ni zuri. La inchi 4 linafanya kazi pia, ila liwe refu, limepita paa vizuri.

Asili ya majiko ya namna hii ni kanuni alizoziweka Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980: chumba kidogo, kuta zisizonyonya joto, na njia ya hewa isiyobanwa mahali pamoja na kuachiwa mahali pengine. Suala la kuta ndilo mafundi wengi hulisahau. Udongo mtupu ulioshindiliwa hunyonya joto kama jiwe. Muulize fundi kama matofali ya ndani yamechanganywa na pumba za mpunga au unga wa mbao. Yakichomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vya hewa, na vitundu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisiingie ukutani. Pumba si shida huku kwetu, Nzega na Igunga wanalima mpunga.

Kama jiko liko kwenye nyumba ya nyasi, bomba la bati lisipite kabisa kwenye nyasi. Litoke kwa pembeni, kwenye ukuta, na lipande juu likiwa mbali na ukingo wa paa kwa sentimita 45 au zaidi. Hapo sikubali mjadala na mteja.

Likaushe kwa subira

Jiko jipya linahitaji wiki mbili hadi tatu za kukaa bila moto, bila jua kali na bila mvua. Kujua kama limekauka, funika tundu la sufuria kwa kipande cha nailoni jioni, ukandamize kingo kwa mawe. Asubuhi geuza. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani, bado.

Jiko langu la kwanza nililiwashia moto wa ugali siku ya tatu kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Nilisikia mlio, kama mtu amevunja kibuyu, na ufa ukapita kutoka mdomoni hadi tundu la pili. Maji yaliyokuwa ndani ya udongo yaligeuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Sasa kila ninayemjengea namwambia: likishakauka, siku ya kwanza washa vibanzi vya kiganja kimoja tu, viishe, basi. Siku ya pili viganja viwili. Siku ya tatu chemsha maji ya chai. Siku ya nne pika.

Kuni: hapa ndipo kazi ilipo

Ukuni uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Unaotakiwa kuingia jikoni uwe na maji chini ya asilimia 20. Watu hudhani hasara ya kuni mbichi ni lile joto linalotumika kukausha maji. Hiyo ipo, lakini ndiyo ndogo. Hasara kubwa ni kwamba mvuke unapoza chumba cha moto, gesi haifiki kwenye joto la kuwaka, na kilichobaki ni moshi. Ukuni mbichi unalifanya jiko banifu lirudi kuwa mafiga matatu yenye kuta.

Kiangazi chetu, Mei hadi Oktoba, ni zawadi. Kuni zilizopasuliwa mwezi wa sita zinakuwa tayari kabla ya mvua za Novemba. Neno muhimu hapo ni “zilizopasuliwa”. Gogo zima lenye gome hushika maji kwa miezi mingi, kwa sababu gome ni kama koti. Lipasue, na maji yatatoka ubavuni. Panga juu ya vijiti au matofali, zisiguse ardhi (mchwa wa Tabora hawasubiri mwaliko), funika juu kwa bati, acha pande wazi upepo upite. Usizifunge na turubai pande zote, zitatoa jasho humo humo.

Nitajuaje zimekauka? Njia ninayoiamini kuliko zote ni mizani. Chagua ukuni mmoja, uutie alama ya mkaa, upeleke kwa mwenye duka akupimie, andika. Rudi baada ya wiki mbili. Kipande changu cha mti wa mtundu mwaka jana kilianza na gramu 900. Kilishuka, kikashuka, kilipofika 640 kikagoma kwa vipimo viwili mfululizo. Hapo nikajua rundo lote liko tayari. Kama huna muda wa mizani, tazama ncha: ukuni mkavu una nyufa kama miale kutoka katikati. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa kishindo kizito.

Unene uwe kati ya kidole gumba na kifundo cha mkono wa mtoto, yaani sentimita 2 hadi 4. Urefu sentimita 40 au 50, usije ukuni ukaning'inia nje na kuvunja mdomo wa jiko kwa uzito wake.

Mtundu unawaka vizuri. Mninga nao unawaka, lakini mti ule ni wa mbao na inaniuma kuuona jikoni. Mjohoro na mlusina unaweza kupanda mwenyewe mpakani mwa shamba. Ukikata, kisiki kinachipua tena, na huhitaji kuingia msitu wa hifadhi na kukimbizana na maofisa misitu. Magunzi ya mahindi yanatoa moto mkali ila yanaisha haraka, ni mazuri kwa kukokea. Minyaa ya uzio usiiguse kwa moto: utomvu wake unaumiza macho, na moshi wake vilevile. Mbao zenye rangi au dawa, nguzo za zamani, plastiki, vipande vya tairi, vyote visiingie. Sumu yake inakwenda kwenye chakula na kwenye pumzi ya aliye karibu zaidi, ambaye mara nyingi ni mama akiwa na mtoto mgongoni.

Kukoka

Weka sufuria zote mbili kwenye matundu kabla ya kuwasha, hata kama ya pili ina maji tu. Tundu likiwa wazi, moshi utapanda hapo badala ya kwenda kwenye bomba. Sufuria ya pili ndiyo yako ya maji ya kuoga au ya kuosha vyombo, hayo ni joto la bure.

Toa majivu ya jana chini ya kichanja. Kichanja ni kile kibao cha bati au cha udongo kinachogawa mdomo sehemu mbili: kuni juu, hewa chini. Nikikuta jiko bila kichanja naanza na hicho kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bila njia ya hewa chini ya kuni, hewa inaingia juu ikiwa baridi na kupita juu ya moto bila kuulisha.

Asubuhi za mvua bomba linakuwa baridi na zito, moshi unarudi ndani. Fungua kifuniko cha kusafishia kilicho chini ya bomba, choma hapo konzi moja ya nyasi kavu, funga. Utasikia bomba likianza kuvuta. Kisha panga vibanzi vitano sita vyembamba kwa kusimamisha ncha zake zikutane katikati ya chumba cha moto, weka gunzi au karatasi chini, washa kwa chini. Mafuta ya taa hayahitajiki, na nailoni ndiyo kabisa. Vibanzi vikishika, ingiza kuni mbili. Mwali ukitulia, ya tatu.

Kuni tatu zinatosha. Nne kama unasonga ugali wa watu wengi. Ukijaza mdomo, umeziba hewa, na moto utakujibu kwa ndimi za moto zinazotoka nje na moshi mweusi.

Kulilisha, na habari ya mdomo uliopanuliwa

Moto uko kwenye ncha za kuni tu. Kadiri zinavyoungua, zisogeze ndani kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache. Hii ndiyo tofauti kubwa na mafiga, ambako unatupia gogo na kwenda kuchota maji. Jiko hili linataka mkono karibu, nami siwezi kukuficha hilo.

Mama mkwe wangu anaishi Sikonge. Nilimjengea jiko, nikaondoka nikiwa na furaha. Niliporudi miezi mitatu baadaye nilikuta mdomo umekuwa na upana wa sentimita 20, umechongwa kwa jembe, kingo zimemomonyoka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu. Jiko lako zuri, ila lilikuwa na mdomo mdogo, kuni zangu haziingii.”

Nikaenda kutazama hizo kuni. Zilikuwa magogo yaliyobaki kwenye bani (nyumba ya kukaushia tumbaku) la jirani, kila moja nene kama paja. Nyumbani hapakuwa na shoka. Lilivunjika mpini msimu uliopita na kijana aliyekuwa akipasua alikwenda mjini. Mama alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye njaa na gogo angefanya. Nilinunua shoka na kabari ya chuma, nikapasua rundo lile siku nzima, nikajenga mdomo upya. Tangu siku hiyo, kabla sijajenga jiko kwa mtu, naomba kuona shoka lake.

Kwa chakula chenyewe: ugali unataka moto mkali wakati wa kuchemsha maji na kusonga, kisha vuta kuni moja nje. Maharage yaloweke tangu jana yake, yachemshe kwa nguvu nusu saa nzima, halafu ama uyaache na kuni mbili nyembamba, ama uyahamishie kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu na kufunikwa vizuri, ambako yataendelea kuiva bila moto. Michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) na nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) vivyo hivyo, havihitaji mwali, vinahitaji muda. Na funika sufuria. Sufuria isiyofunikwa inapasha joto dari.

Mara kwa mara toka nje utazame bomba. Jiko likifanya kazi vizuri huoni moshi, unaona hewa ikitetemeka tu juu ya bomba. Moshi mweupe: kuni zina maji, au moto umepoa na kuni zinafuka bila mwali. Mweusi: kuni nyingi, hewa kidogo. Moshi ukirudi jikoni wakati kuni ni kavu na ni chache, usilaumu kuni tena, bomba limeziba.

Kuzima

Vuta kuni nje, zichomeke ncha kwenye ndoo ya mchanga. Zikizimika hivyo zinawaka kirahisi kesho. Maji usimwage jikoni kamwe: udongo wenye moto ukikutana na maji baridi unapasuka, na kichanja cha bati kinapinda. Makaa yaliyobaki yahamishie nje kwenye debe lenye mfuniko. Usiyaingize kwenye chumba cha kulala kwa ajili ya baridi ya Julai. Makaa yasiyotoa moshi bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Majivu nayo yanaweza kuficha moto kwa zaidi ya siku moja. Debe la chuma, mbali na nyasi na ukuta wa mbao. Yakipoa kabisa, yapepete na uyahifadhi, maana yanafaa kuchanganya na mbegu za maharage kuzuia bungua.

Bomba

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya utunzaji, iwe hii. Kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, na kila mwezi wakati wa kiangazi, safisha bomba. Jiko liwe baridi. Funga kitambaa kigumu au matawi ya fagio kwenye kamba, chini yake jiwe la uzito wa ngumi, ulishushe kutoka juu na kulipandisha mara kadhaa. Funika matundu ya sufuria kwanza, la sivyo utaupaka masizi ukuta mzima. Jifunge kitambaa puani. Kisha fungua kifuniko cha chini, utoe yote yaliyoanguka.

Yatazame yaliyotoka. Unga mwepesi mkavu ni kawaida. Ukikuta vipande vyeusi vinavyong'aa na kunata kama lami, jiko limekuwa likifuka kwa muda mrefu, na lami hiyo ni kuni nyingine inayosubiri kiberiti. Ikishika moto bombani utasikia ngurumo kama lori linapita, na bati litakuwa jekundu. Hapo toa watu nje, ziba mdomo wa jiko kwa tofali na udongo mbichi ili hewa isiingie, mwagia maji paa na nyasi zilizo karibu, na piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usimwage maji ndani ya bomba lililo jekundu, mvuke utakurudia.

Ukaguzi wa tarehe moja

Jikoni kwangu kuna kijiti cha mtundu chenye urefu wa sentimita 12, kinaning'inia kwenye msumari. Kila tarehe moja nakiingiza mdomoni mwa jiko kwa kulala. Kikiingia kikibana, sawa. Kikicheza, nachanganya udongo wa kichuguu na mchanga na kurudisha kingo. Nyufa nyembamba kama unywele hazina shida. Ufa unaoruhusu moshi kutoka, uchokonoe kidogo uwe mpana, ulowanishe kwa maji, kisha ushindilie udongo kwa kidole. Ukipaka juu juu bila kulowanisha, udongo utabanduka jioni ile ile.

Siku hiyo hiyo napima kuni kilo mbili, nachemsha maji lita 5, napima zilizobaki. Kwangu zinakwenda gramu 700 hivi. Zikikaribia 900, kuna kitu, na karibu kila mara ni bomba, kichanja au maji kwenye kuni.

Najua serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Natamani tufike. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ukiwa na uwezo wa gesi, tumia gesi. Lakini nyumba nyingi ninazozijua zina mtungi na zina kuni, na maharage bado yanapikwa kwa kuni.

Jiko la udongo lililotunzwa hudumu miaka kadhaa, kisha kuta za chumba cha moto huanza kumeguka kila unapozigusa. Hapo usiendelee kuziba viraka, livunje. Udongo wake wa zamani usiutupe, umeshaungua na hausinyai tena. Uponde, uupepete kwa chekecheo la unga, changanya sehemu moja ya huo na sehemu mbili za udongo mpya wa kichuguu kabla ya kufyatua matofali ya ndani. Jiko jipya litapata nyufa chache zaidi.